Kutoka Kaya hadi Mahakamani: Historia ya Harakati za Mazingira Nchini Kenya

Harakati za mazingira nchini Kenya zilianza zamani kuliko maneno yanayotumika leo kuzitaja. Kabla hakujakuwa na wizara, sheria ya bunge wala mkataba wa kimataifa, Wamijikenda wa pwani walikuwa na misitu ambayo kukata mti wake ni mwiko, wazee wa kuilinda na adhabu kwa aliyekiuka. Kilichobadilika tangu hapo ni mbinu. Kizazi kimoja kilitumia kiapo, kingine mgomo, kingine miche, na cha sasa kinafungua kesi. Kinachogombaniwa kimebaki kilekile: nani mwenye haki ya kuamua ardhi, msitu au bahari itumikeje, na nani huachiwa hasara uamuzi ukishakuwa mbaya.

Wamijikenda ni makundi tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Simulizi zao husema walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakateremka na kujenga vijiji vyenye ngome ndani ya misitu ya vilima vilivyo nyuma ya pwani. Kijiji cha namna hiyo ndicho kaya. Katikati yake palizikwa fingo, kago la kuilinda jamii, na msitu ulioizunguka ulikuwa ukuta wake. Watu walipoanza kutoka kwenda kulima mashamba ya mbali, hasa katika karne ya 19, kaya zilibaki mahali pa maombi na maziko chini ya kambi, yaani baraza la wazee. Hakuna aliyeruhusiwa kuchanja kuni humo wala kuchunga mifugo, na aliyefanya hivyo alitoa mnyama wa kafara ili kuituliza mizimu. Mtaalamu wa misitu wa leo angeuita utaratibu huu mpango wa usimamizi. Wazee wenyewe waliuona kuwa ni adabu mbele ya waliotangulia, na pengine ndiyo sababu ulidumu kuliko mipango mingi iliyoandikwa ofisini.

Kaya zilipata kuwa pia ngome ya siasa. Mwaka 1913 utawala wa Waingereza uliwataka Wagiriama walipe kodi, watoe vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya wageni na waihame ardhi yenye rutuba kaskazini ya mto Sabaki. Mjane mmoja, Mekatilili wa Menza, alizunguka vijijini akihimiza watu wakatae, na pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola akakusanya watu Kaya Fungo. Huko wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hakuna atakayeshirikiana na serikali. Mekatilili na Wanje walikamatwa wakapelekwa uhamishoni Kisii, magharibi kabisa ya nchi, lakini walitoroka na kurudi kwao. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Walielewa vizuri kwamba msitu ule ndio uliokuwa ikulu ya wapinzani wao.

Wakati huohuo sheria zilikuwa zikifanya kwa karatasi kile ambacho baruti ilifanya kwa kishindo. Sheria za Ardhi ya Taji za mwaka 1902 na 1915 ziliifanya ardhi ya wenyeji kuwa mali ya mfalme wa Uingereza, na misitu mikubwa ya nyanda za juu ikatangazwa kuwa hifadhi za serikali. Aliyekuwa akiingia msituni kwa mila za babu zake akawa mhalifu. Ogiek, wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau, waliumia kuliko wengi. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, ilipendekeza wachanganywe na makabila jirani badala ya kupewa ardhi yao. Pendekezo hilo lingerudi kuwasumbua wajukuu wao.

Hata hivyo haikuwa kweli kwamba kila jambo lilikuwa la kulazimishana. Julai 1922, huko Muguga karibu na Kikuyu, afisa wa misitu Richard St. Barbe Baker na Chifu Josiah Njonjo walianzisha Watu wa Miti, kundi la vijana wa Kikuyu walioahidi kupanda na kutunza miti. Ahadi ilifungwa kwa ngoma, kama zilivyofungwa ahadi nyingine kubwa za jamii ile. Jaribio hilo linastahili kukumbukwa kwa sababu lilikuwa nadra. Serikali kwa kawaida iliamuru.

Matokeo ya kuamuru yalionekana Murang'a baada ya Vita Kuu ya Pili. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa umeanza kuitisha serikali, na maafisa wa kilimo wakawalazimisha wanakijiji kuchimba matuta kwenye miteremko. Wanaume wengi walikuwa Nairobi au kwenye mashamba ya walowezi, kwa hiyo majembe yaliwaangukia wanawake, ambao tayari walikuwa na mashamba, watoto na kuni za kushughulikia. Mwaka 1947 chama cha Kenya African Union kiliunga mkono wanawake kuacha kazi hiyo, na mwaka uliofuata wanawake kwa mamia waligoma, wakaimba na kucheza mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Wengi walikamatwa. Matuta yenyewe hayakuwa wazo baya. Baada ya uhuru wakulima wa milima hiyohiyo waliyachimba kwa hiari, kwa kuwa sasa yalilinda kahawa yao wenyewe. Udongo ulikuwa uleule na mteremko uleule, ila safari hii hakuna aliyesimama juu yao na daftari la majina.

Uhuru wa mwaka 1963 ulibadilisha bendera kuliko ulivyobadilisha sheria za misitu. Hifadhi zilibaki mikononi mwa serikali, na sehemu kubwa ya misitu ya asili iliendelea kung'olewa ili kupisha misonobari, misaipresi na chai. Mtu aliyeyaona mabadiliko hayo akayatafutia dawa alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa Kenya waliopelekwa Marekani mwaka 1960, akasoma biolojia, akarudi nyumbani mwaka 1966, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu. Katika kumbukumbu zake alisimulia kuhusu mugumo uliokuwa karibu na nyumbani kwao, ambao mama yake alimkataza kuokota hata kuni zake kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Kando yake ilibubujika chemchemi. Aliporudi kutoka ng'ambo, mugumo ulikuwa umekatwa na chemchemi imekauka.

Lakini harakati yake haikutokana na kumbukumbu hizo pekee. Ilianzia kwenye mikutano ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, alikosikia wanawake wa vijijini wakilalamika kwamba kuni zimekuwa mbali, maji yamechafuka na watoto wanakosa chakula chenye lishe. Kwa macho ya mwanabiolojia malalamiko yote yalikuwa na shina moja, yaani ardhi iliyovuliwa miti. Jaribio lake la kwanza, kampuni ndogo ya kupanda miti aliyoianzisha katikati ya miaka ya 1970, lilikufa kwa kukosa fedha na maji. La pili lilishika. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, msafara uliondoka katikati ya Nairobi hadi uwanja wa Kamukunji na kupanda miti saba. Hapo ndipo ulipoanza mpango ambao baadaye uliitwa Green Belt Movement, kutokana na mistari mirefu ya miche, isiyopungua elfu moja kwa mstari, iliyouzunguka mji au shamba mithili ya mshipi wa kijani.

Kilichoufanya mpango huo uenee ni jinsi ulivyopangwa kuanzia chini. Mwanzoni vikundi vya wanawake vilichukua miche kwenye vitalu vya idara ya misitu, na maafisa wake walicheka waliposikia kwamba wanawake wasiosoma wanataka kupanda miti kwa maelfu. Mahitaji yalipozidi uwezo wa idara, wanawake walianza kuotesha mbegu wenyewe. Walitumia vyungu vilivyovunjika na makopo, wakaangalia ndege na mvua kujua mbegu ipi imeiva. Maathai aliwaita wanamisitu wasio na diploma. Kila kikundi kililipwa senti chache kwa kila mche ulioshika baada ya kupandwa, na si kwa kila mche uliotolewa kitaluni. Kanuni hiyo ndogo ilifanya kazi kubwa, maana mche uliokauka haukumwingizia mtu chochote. Kufikia mwaka 2004 harakati hiyo ilikuwa imepanda zaidi ya miti milioni 30.

Vitaluni pia palifanyika mafunzo ya uraia. Washiriki waliombwa wataje matatizo yao, kisha waseme yametoka wapi, na karibu kila mara waliinyooshea kidole serikali. Hapo Maathai alitumia mfano wa msafiri aliyepanda basi lisilo lake: dereva amekosea, ndiyo, lakini aliyepanda pia hakuuliza basi linakwenda wapi. Katika Kenya ya chama kimoja, somo la namna hiyo halikuwa mbali na uchochezi.

Mapambano ya wazi yalikuja mwaka 1989. Chama tawala cha KANU kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, likiwa na ofisi za gazeti la chama na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Bustani hiyo ilikuwa mojawapo ya sehemu chache katikati ya jiji ambapo mtu asiye na fedha angeweza kuketi chini ya kivuli siku ya Jumapili bila kuulizwa. Maathai aliandika barua kwa ofisi za serikali, kwa mashirika ya kimataifa na kwa waliotarajiwa kutoa mkopo. Bungeni wabunge waliwakebehi wanachama wa Green Belt Movement kuwa kundi la wanawake walioachika, naye rais akasema mwanamke anayefuata mila ya Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Shirika lilifukuzwa katika ofisi zake, likahamia nyumbani kwa mwanzilishi wake.

Maathai alikwenda pia Mahakama Kuu, na kilichotokea huko Desemba 1989 ni kiini cha historia hii. Kesi ilitupwa kabla ya hoja zake kusikilizwa kwa undani. Jaji alisema mlalamikaji hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha kwamba ujenzi ungemdhuru yeye binafsi kuliko mtu mwingine yeyote. Bustani ni ya wote, kwa hiyo kisheria hakuna hata mmoja aliyeweza kuitetea. Jengo lenyewe halikujengwa, kwa sababu wafadhili waliingiwa na hofu wakajitoa, na mwaka 1992 uzio uliokuwa umewekwa ukaondolewa. Ushindi ulipatikana nje ya mahakama, na sheria ikabaki na aibu yake.

Vita vya Karura vilifuata mwishoni mwa miaka ya 1990. Msitu huu wa hekta zipatazo 1,041 upo kaskazini mwa Nairobi, na kufikia 1998 sehemu zake zilikuwa zimegawiwa kimyakimya kwa wajenzi wa nyumba za kifahari. Tarehe 8 Januari 1999, Maathai na wenzake walipojaribu kupanda miche langoni, walishambuliwa na vijana waliokodiwa. Alipasuliwa kichwa, akaenda kituo cha polisi na kuitia sahihi taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Wiki chache baadaye wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi waliingia barabarani kuitetea Karura, wakapambana na polisi na vyuo vikafungwa. Kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa miti saba ya Kamukunji ilipopandwa, au kilikuwa kingali utotoni, kilikuwa sasa kinapigwa virungu kwa ajili ya msitu. Agosti mwaka huo rais alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Katika mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, iliyoanza kutumika Januari 2000. Iliunda mamlaka ya kusimamia mazingira, NEMA, na baraza maalumu la kusikiliza rufaa dhidi ya vibali vyake. Jambo zito zaidi ni kwamba ilimruhusu mtu yeyote kushtaki kwa ajili ya mazingira bila kuthibitisha kwamba ameumia yeye mwenyewe. Katiba ya 2010 ililiweka hilo mahali pasipofutika kirahisi: kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinasema mlalamikaji hahitaji kuonyesha hasara yoyote. Hoja iliyomtoa Maathai mahakamani mwaka 1989 ikafa rasmi. Sheria ya Misitu ya 2005, iliyopitishwa alipokuwa mbunge wa Tetu na waziri msaidizi wa mazingira, nayo iliwapa wananchi nafasi ya kuunda vyama vya misitu vya jamii na kusimamia misitu pamoja na serikali. Chama cha aina hiyo ndicho kilichosaidia kuzungushia Karura uzio na kuifungua kwa watembeaji, tena kwa usalama, baada ya miaka ambayo watu waliogopa hata kupita kando yake.

Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameagiza asizikwe katika jeneza la mbao, hivyo lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji, yale magugu yanayosonga Ziwa Victoria.

Hata hivyo kupenda miti hakutoshi kuwa haki, na Mau inalionyesha hilo. Msitu huo, wenye ukubwa wa takriban hekta 400,000 na chanzo cha mito mingi ya magharibi mwa Kenya, uliharibiwa vibaya kwa ugawaji wa kisiasa na ukataji wa miti. Serikali ilipoamua kuuokoa, Oktoba 2009, ilitoa notisi ya siku 30 kwa wote waliomo kuondoka. Ogiek walihesabiwa pamoja na wavamizi, ingawa mizinga yao ya asali ilikuwa imetundikwa humo vizazi na vizazi kabla ya kuwapo serikali yenyewe. Walilipeleka shauri lao hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama iliamua kwamba Kenya imekiuka haki zao za ardhi, utamaduni, dini na maendeleo, na kwamba uhifadhi hauwezi kuwa kisingizio, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba Ogiek ndio walioiharibu Mau. Juni 2022 iliamuru walipwe shilingi 157,850,000 na ardhi yao ya asili ipimwe na kusajiliwa kwa jina la jamii. Novemba 2023, hukumu zote mbili zikiwa mezani, nyumba za Ogiek zilibomolewa tena Sasimwani, kaunti ya Narok.

Pwani, kazi iliendelea kwa sura mbalimbali. Kaya zilianza kutangazwa kuwa mali ya urithi wa taifa mwaka 1992, baada ya hoteli na machimbo kuanza kuzimega, na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ikaanzisha kitengo cha kuzilinda kwa kushirikiana na wazee. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu ya kaya kadhaa, iliyotandaa kwa takriban kilomita 200, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata iliziorodhesha pia mila za kaya zenyewe, safari hii kama urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa sababu wazee walikuwa wanakufa na vijana hawakai tena kambini.

Huko Gazi, kaunti ya Kwale, tatizo lilikuwa mikoko. Kwa karne nyingi pwani yote iliuza boriti hadi Arabuni, na ingawa biashara hiyo ya nje ilipigwa marufuku mwaka 1982, ukataji wa kuni na wa kujengea haukukoma. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, akiwemo James Kairo, walianza kuirudishia Gazi mikoko katika miaka ya 1990, wakishirikiana na wanakijiji waliojua mkoko, mchu na mkandaa kila mmoja hushika wapi na maji hufika wapi wakati wa bamvua. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mradi wa Mikoko Pamoja. Hekta 117 za mikoko huhifadhiwa, kaboni inayobaki mitini na katika tope hupimwa, na takriban tani 3,000 kwa mwaka huuzwa kwa wanunuzi wa ng'ambo. Mvinje hupandwa kando ili watu wapate nguzo na kuni bila kurudi mikokoni. Fedha huamuliwa katika mkutano wa kijiji: mwaka huu pampu ya maji, mwaka mwingine vitabu vya shule. Si nyingi, ila kila mtu anajua zilipokwenda. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2023, iliagiza kwamba miradi ya kaboni ya nchi kavu iipe jamii asilimia 40 ya mapato, kiwango ambacho makampuni mengi hayakuwa na desturi ya kukifikiria.

Lamu ilikabiliwa na jambo kubwa zaidi. Machi 2012 ulizinduliwa ujenzi wa bandari ya mradi mkubwa wa uchukuzi wa LAPSSET katika ghuba ya Manda, na baadaye ikaelezwa kwamba karibu nayo, huko Kwasasi, kutajengwa kituo cha umeme cha megawati 1,050 kitakachochoma makaa ya mawe. Mji mkongwe wa Lamu ni Urithi wa Dunia tangu 2001, na wakazi wake wengi wanaishi kwa bahari. Wavuvi, wanawake wasuka makuti, wenye hoteli, wazee na vijana walikuwa wameungana chini ya Save Lamu. Walishinda kwanza kuhusu bandari: Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wananchi hawakuhusishwa ipasavyo na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Kesi ya makaa ya mawe ilifika kwenye baraza la rufaa za mazingira baada ya NEMA kutoa kibali Septemba 2016. Wakazi walieleza kwamba mikutano iliyoitwa ya kuwashirikisha ilifanyika kabla tathmini ya athari haijakamilika, na kwamba ripoti yenyewe, yenye mamia ya kurasa kwa Kiingereza cha kitaalamu, iliwafikia kwa kuchelewa. Mtu hawezi kutoa maoni juu ya moshi, majivu na maji ya moto yatakayomwagwa baharini ikiwa hajaambiwa kwamba yatakuwepo. Tarehe 26 Juni 2019 baraza lilifuta kibali. Lilisema ushirikishwaji wa umma kwa hakika haukufanyika na kwamba athari kwa tabianchi hazikupimwa, licha ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Mwezi Novemba mwaka huohuo Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitangaza kwamba haitaufadhili mradi, na mwaka 2020 benki ya Kichina iliyotarajiwa kuukopesha ikajitoa.

Itakuwa kosa kudhani ubaya ulikuwa wa makaa ya mawe peke yake. Mwaka 2019 ulifunguliwa pia mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na megawati 310, nishati safi ambayo Kenya hujivunia. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi huo huko Marsabit zilitolewa kinyume cha sheria, bila kufuata taratibu za kuwashirikisha wafugaji wenye ardhi. Upepo haukumchafulia mtu hewa, lakini aliyenyang'anywa malisho hakuwa na sababu ya kuushangilia.

Katika miaka hiyo vijana walikuja na njia zao. James Wakibia, mpiga picha wa Nakuru, alikerwa na jaa la Gioto na karatasi za plastiki zilizopeperuka barabarani, akaanza mwaka 2013 kuandika na kupiga kelele mitandaoni. Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa adhabu kali kuliko nchi nyingi duniani. Huko Lamu fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa fukweni, wakalipamba kwa malapa 30,000 na kulisafirisha hadi Zanzibar mapema mwaka 2019. Elizabeth Wathuti, aliyelelewa Nyeri na kupata msaada wa masomo wenye jina la Maathai, alianzisha Green Generation Initiative mwaka 2016 kupanda miti ya matunda mashuleni, na Novemba 2021 alisimama katika mkutano wa tabianchi wa Glasgow mbele ya wakuu wa nchi akawaeleza habari za Wakenya zaidi ya milioni mbili waliokabiliwa na njaa ya ukame. Mwaka 2020, barabara ya juu ya Nairobi ilipotishia kuuangusha mugumo mmoja mkubwa wa Westlands, kelele za wananchi zilimfanya rais autangaze kuwa mti wa kulindwa.

Owino Uhuru, mtaa wa mabanda jijini Mombasa, haukuwa na msitu wa kutetea. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa ubavuni mwake, na madini ya risasi yakaingia hewani, majini na katika damu za wakazi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake mchanga ana sumu hiyo mwilini. Aliacha kazi, akaongoza maandamano, akakamatwa, akaunda shirika la kutetea haki, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kesi ya wakazi ilifunguliwa mwaka 2016 chini ya vifungu vilevile vya Katiba vya 42 na 70. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.